Sala Zilizorudishwa Mlangoni

Usiku wa jana, nikiwa nimeshasali na kuzima taa, niliota kwamba kitanda chetu kimechoka kutusubiri. Kiliinuka, kikajinyoosha miguu, kikasema kinakwenda kwa mshauri, sisi tukiwa juu yake.

"Shikeni mbao," kilisema. "Nje kuna utelezi."

Nieleze kwanza hali ya nyumbani, maana ndoto yenyewe haikujali kueleza. Mume wangu Ambakisye na mimi hatugombani. Sisi ni watu wa sala. Mmoja akiwa na neno na mwenzake, hulipeleka kwa Bwana kwa sauti, mwenzake akiwa amepiga magoti pale pale. Tangu tulipomzika mama yake, Ambakisye analala ameukumbatia ukuta. Nikimgusa bega anashtuka kama mtu aliyemwagiwa maji ya mtoni. Wiki iliyopita Bi Hobokela, mshauri nasaha wa zahanati, alikuja kwenye darasa letu la jioni la watu wazima. Alitufundisha kwamba mume na mke wanaweza kukaa mbele ya mshauri, wakazungumza, na ukaribu wao ukarudi. Huwapokea watu kila Alhamisi. Nilifurahi sana. Nikamwalika mume wangu kwa njia yetu ya kawaida.

"Ee Bwana," nilisali, "wako watu humu ndani wanaoogopa kukaa mbele ya mshauri. Walainishe."

"Ee Bwana," akajibu Ambakisye, macho ameyafumba, "uiepushe nyumba hii na watu wanaoanika mambo ya chumbani kwa wageni. Na kama hawasikii, unionyeshe njia ya kwenda kuishi kwa kaka yangu Mbeya. Amina."

"Amina," nikaitikia. Sala ni sala.

Basi hapo ndipo tulipokuwa tumefika. Sasa narudi kwenye ndoto.

Kitanda kinatembea barabarani Tukuyu, mvua inanyesha, hatulowi. Ambakisye amelala ameukumbatia ukuta. Ukuta nao umekuja. Unatembea pembeni ya kitanda, unahema kidogo kwenye kilima.

"Baba Gwakisa," nikamwambia mume wangu, "mwachie huyo ukuta apumzike."

Ukuta ukanitazama kwa shukrani.

Tukaingia darasani kwetu, lile la jioni, lakini limekuwa chumba cha kusubiria. Mabenchi yamejaa watu. Upande mmoja wamekaa wanawake waliovaa vitenge kama vyangu. Upande wa pili wamekaa wanaume waliovaa makoti kama ya Ambakisye. Pande hizo mbili hazisalimiani.

"Sogeeni jamani, mama mwenyewe amefika," akasema mwanamke mmoja mnene, akanipa nafasi.

"Samahani, mama, tunafahamiana?"

"Hunijui? Mimi ni sala yako ya Jumapili ya Matawi. 'Ee Bwana, wako watu wanaoacha viatu vyenye tope sebuleni.' Nimekaa hapa tangu siku hiyo."

Wanaume wa upande wa pili wakacheka. Mmoja wao, mwembamba, akasema, "Huyo angalau ana mwili. Mimi ni sala ya mzee kuhusu chumvi kwenye maharage. Nilisaliwa kwa hasira, sikupewa hata kola."

Nilichanganyikiwa. Nikanyoosha mkono, maana darasani ukitaka kuuliza unanyoosha mkono.

"Kwa nini hamkwenda mbinguni?"

"Tulikwenda," akasema yule mnene. "Tulifika mpaka mlangoni. Tukaulizwa, 'Mnamtafuta nani?' Tukasema, 'Tunamtafuta Ambakisye.' Tukaambiwa, 'Haishi hapa.'"

"Na sisi tulimtaja mama Gwakisa," akasema yule wa chumvi. "Tukaelekezwa huku huku."

Nilitaka kusali nipate mwanga, lakini niliogopa benchi litajaa.

Mlango ukafunguka. Sauti ikaita, "Wenye kitanda!"

Tukaingia, na kumbe ni darasa lile lile, safari hii tupu. Juu ya meza ya mwalimu imesimama chupa ya chai yenye maua mekundu. Ndiyo mshauri.

"Karibuni. Mnashangaa nini?" ikasema. "Nje baridi, ndani moto, na mfuniko umekazwa. Nani mwingine angewaelewa?"

"Mimi sikuomba kuja," akasema Ambakisye.

"Najua. Umeletwa na kitanda. Wengi huletwa hivyo. Kanuni zangu ni chache. Mwenzako akisema, usimkatize. Akimaliza, mrudishie alichokupa, ili ajue kimefika. Basi."

Nikauliza kama kanuni hizo zitakuja kwenye mtihani. Chupa ikasema mtihani ndio huu.

Ambakisye akakohoa. "Mimi ninachosema ni kwamba usiku mimi..."

"Usiku wewe unanipa mgongo!" nikasema.

Papo hapo mkono wa shati lake ukakatika begani, ukaanguka sakafuni. Aliutazama. Mimi pia niliutazama. Lilikuwa shati la kanisani.

"Umemkatiza," ikasema chupa. "Aendelee."

Ambakisye akaanza tena, sasa anaongea taratibu, jicho moja kwenye mkono uliobaki. "Usiku sipati usingizi."

Alipotamka hivyo, kikadondoka kiazi kutoka mdomoni mwake. Kiazi mviringo cha kawaida, kina udongo kidogo. Nikakipokea kwa mikono miwili kwa sababu nimefundishwa adabu.

"Mrudishie," ikasema chupa.

Nikafungua mdomo nimrudishie. "Anasema hanitaki tena. Anasema nimezeeka. Anasema afadhali ukuta."

Kikasikika kishindo. Mbele ya Ambakisye limetua gunia zima la viazi, lumbesa, limejazwa kupita kipimo na kufungwa kamba juu.

"Mama," ikasema chupa kwa upole, "amekupa kiazi kimoja."

Ambakisye analitazama gunia. "Hivi vyote nimesema mimi?" akaniuliza. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu ananiuliza jambo bila kupitia kwa Bwana.

"Sijui," nikamwambia. "Mimi ndivyo nilivyosikia."

Nikajaribu tena. "Unasema usiku hupati usingizi."

Kiazi kile kikarudi mkononi mwake, kile kile, na udongo wake. Akakishika. Sikuelewa kwa nini kitu kidogo hivyo kilimfanya avute pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Nikaona bega lake liko wazi pale shati lilipokatika, linasisimka kwa baridi. Nikaweka mkono wangu juu yake nilifunike.

Simu ikaita.

Hakukuwa na simu darasani. Hakukuwa tena na darasa. Tumesimama katikati ya shamba la chai, majani yanafika kiunoni, ukungu umeshuka, na simu inaita mahali fulani kwenye miche. Nikaondoa mkono niitafute. Ikanyamaza.

Nikarudisha mkono begani. Ikaita. Nikauondoa. Kimya. Nikarudia tena, maana kwenye somo la sayansi mwalimu anasema jaribio moja halitoshi. Ikaita.

"Inaita nikikugusa," nikasema.

"Siku zote inaita ukinigusa," akasema Ambakisye.

"Simu ya nani?"

Ukuta, ambao ulikuwa umetufuata mpaka shambani, ukageuka upande wa pili ili Ambakisye asione haya.

"Usiku ule aliofariki mama," akasema, "si unakumbuka tulikuwa wapi? Tulikuwa kitandani, tumekumbatiana, mvua inapiga bati. Wewe ulikuwa unacheka. Simu ikaita, nikaona ni yeye. Nikasema moyoni, mama huyu, atapiga tena asubuhi. Nikaigeuza uso chini. Hakupiga tena." Akafuta uso kwa mkono wa shati ambao haupo. "Tangu hapo nikiona mkono wako unakuja, naisikia. Sikuchoki. Nakimbia ile simu."

Nilitaka kusema mengi. Nilitaka kumwambia kwamba mama alikuwa na desturi ya kupiga kuuliza kama tumefunga kuku. Nilitaka kumlaumu kwamba kaniacha mwaka mzima nijitazame kwenye kioo nikitafuta kilichoharibika. Lakini alikuwa bado anaongea, na mkono wa shati ulikuwa umebaki mmoja tu.

Alipomaliza nikamrudishia, neno kwa neno kadiri nilivyoweza. "Unasema nikikugusa unaisikia simu ya mama. Unasema hunichoki."

"Ndiyo," akasema. "Ndivyo nilivyosema."

"Nami nilidhani ni mimi, Ambakisye."

"Unasema ulidhani ni wewe," akanirudishia. Hakuna aliyemwamuru.

Chupa ya chai ilikuwa imesimama kwenye mche, ukungu umeizunguka. "Sasa, mama, weka mkono na usiuondoe."

"Simu itaita."

"Iite."

Nikaweka mkono. Ikaita. Ambakisye akashtuka, akataka kuondoka, nikahisi msuli wake unaruka chini ya kiganja changu kama kuku aliyeshikwa. Nikaacha mkono pale. Simu ikaita, ikaita, na yeye akalia. Alilia kwa sauti, jambo ambalo hakulifanya msibani, wakati wajomba zake walipokuwa wanamwambia jikaze. Sikumwambia jikaze. Sikumwambia nyamaza. Simu haikukatwa na mtu. Iliita mpaka sauti yake ikawa ndogo, kama kengele ya mbuzi anayekwenda mbali, halafu ikachanganyika na mvua nisijue ipi ni ipi.

"Itaita tena?" akauliza Ambakisye.

"Itaita," ikasema chupa. "Siku nyingine, na kwa sauti ndogo zaidi. Kazi hii haiishi kwa kikao kimoja. Kesho Alhamisi tuendelee."

"Tulete nini?" nikauliza, kwa sababu mwanafunzi mzuri huuliza.

"Hapa chai ipo. Ila vikombe hatuna. Kila mtu aje na chake."

Nikaamka.

Kumepambazuka, siku ya Alhamisi. Mvua inanyesha kweli juu ya bati. Kitanda kipo mahali pake, ukuta upo mahali pake, na upande wa Ambakisye hakuna mtu. Nikafikiria Mbeya, kwa kaka yake. Nikajifunga kitenge nikatoka haraka bila kusali, Bwana anisamehe.

Nikamkuta jikoni. Amevaa koti, amesimama mbele ya kabati la vyombo, macho yake mekundu. Anachagua. Akashika kikombe cha udongo, akakirudisha. Akachukua kile cha bati cha buluu, akakifuta kwa koti, akakitia mfukoni.

"Baba Gwakisa," nikasema, "kikombe cha nini?"

Akanitazama kama mtu anayeulizwa jambo alilokwisha kuambiwa.

"Si mshauri alisema kila mtu aje na chake? Beba na chako, tusichelewe."