Asubuhi Tatu za Kinanda

Mara ya tisa jina la Kinanda lilipoingizwa kwenye orodha ya waliokufa, Mzee Chanzo alilifuta kabla chai yake haijapoa. Akaandika sababu, maneno yale yale aliyokwisha kuyaandika mara nane: "Hakuna chanzo. Kijitabu cha kikosi, ukurasa wa 22, kinaonyesha kuwa askari huyu aliitika paredi siku tatu baada ya vita vya darajani. Ni mtoro." Akahifadhi. Waliokufa wakarudi kuwa thelathini na sita.

Usifanye haraka kumchukia. Mtu huyu alikuwa na duka la steshenari, chumba kimoja chenye kompyuta, mashine ya fotokopi inayokohoa kila ikichomoa karatasi, na kiti cha kupigia picha za pasipoti. Watu walimletea barua za maombi awachapie, naye akawasahihishia bila kuombwa. Miaka sita nyuma alikuta kikosi chake cha zamani kimepewa mistari miwili tu kwenye ensaiklopedia ya mtandaoni, ile ambayo yeyote anaweza kuandika na yeyote akafuta. Moyo ukamuuma. Akaujenga ukurasa ule tofali kwa tofali, na wastaafu wenzake walipouona wakaja na hadithi zao: huyu aliangusha ndege kwa bunduki, yule alivuka mto na kamanda mgongoni. "Chanzo kiko wapi?" ndilo lililokuwa swali lake kwa kila mtu. Jina likamganda. Hata mke wake alikuwa akimwambia, "Chumvi imekwisha, na usiniulize chanzo."

Kwa hiyo aliyemfuta Kinanda mara tisa alikuwa mtu wa sheria. Ndivyo alivyojiambia. Ukweli ni kwamba alikuwa mwoga, na alikuwa mwoga kwa miaka thelathini na minne.

Kikosini kulikuwa na desturi ambayo haimo katika kijitabu chochote. Kila askari alikuwa na mwitikiaji wake. Paredi ilikuwa alfajiri, giza bado nene, sajenti anasoma majina kwa tochi, na kama mwenzako amepitiwa na usingizi au bado yuko njiani akitokea alikokujua mwenyewe, wewe ulibadilisha sauti ukamwitikia: "Nipo, afande." Kinanda, kijana aliyeimba puani mchana kutwa hata akichimba handaki, alikuwa mwitikiaji wa Mzee Chanzo, na Mzee Chanzo alikuwa wake. Waliokoana mara zisizo na idadi.

Siku ya daraja walirudishwa nyuma adhuhuri, katikati ya moshi. Mzee Chanzo alimwona Kinanda akipigwa, akiegemea nguzo, akiteleza, akiingia majini. Aliyatazama maji yale mpaka akavutwa kwa ukosi aondoke. Kinanda hakuibuka.

Na bado, alfajiri iliyofuata, jina liliposomwa, mdomo wake ukafunguka wenyewe. "Nipo, afande." Alikuwa na miaka ishirini na miwili, na moyo wa umri huo ni mjinga. Alijiambia kwamba Kinanda anajua kuogelea, kwamba atatokea na tope lake, anaimba, na akikuta ameandikwa amekosekana atachapwa. Akamwitikia siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku ya nne koo likakataa. Sajenti akasubiri kidogo, akaandika: mtoro. Angenyamaza tangu siku ya kwanza, Kinanda angeandikwa pamoja na waliobaki darajani. Wema wake ndio uliomfanya mwenzake mtoro, na kusema baadaye kungempeleka yeye mwenyewe mahabusu. Akameza. Sajenti alipostaafu akalichapisha daftari lake la paredi kuwa kijitabu, na uongo ukapata jalada na namba za kurasa.

Siku tatu baada ya ule ufutaji wa tisa, mwanamke wa miaka sitini hivi aliingia dukani, miwani imening'inia kifuani kwa uzi, mkoba kwapani. Alisubiri mteja mmoja amalize kupigwa picha. Kisha akavuta kiti.

"Wastaafu wenzako wameniambia ndiwe mwenye ukurasa wa kikosi," akasema. "Mimi ni dada yake Kinanda. Nimekuja kumwona anayemfuta kaka yangu."

Mzee Chanzo alishika karatasi zilizokuwa mezani akaanza kuzilinganisha pembe. "Pole, dada. Si mimi, ni utaratibu."

"Najua utaratibu. Nimefundisha shule miaka thelathini, nimesahihisha madaftari mpaka macho yameisha. Sikuja kugombana." Akafungua mkoba, akatoa kijitabu, akakifungua ukurasa wa 22. Ulikuwa umechakaa kuliko kurasa nyingine zote. "Nina swali moja tu. Hapa pameandikwa aliitika, aliitika, aliitika. Nani alimsikia? Kama yuko mtu aliyemsikia asubuhi hizo, nataka nimwone kwa macho yangu."

Mzee Chanzo akazilinganisha tena pembe za zile karatasi.

"Mama yetu ana miaka themanini na sita," akaendelea yule dada. "Macho hana tena. Baba alikufa kwa aibu ya kuitwa baba wa mtoro, lakini mama alizishika asubuhi hizo tatu zilizotajwa kwenye barua ya kikosi. Alisema aliyeitika siku ya tatu anaweza kuwa hai mpaka leo. Hajamlia mwanawe, kaka. Utamliaje mtu aliyeitika? Mlango wetu wa uani haujatiwa komeo miaka thelathini na minne, tumeibiwa mara mbili, na bado hataki. Sasa anakwenda. Daktari hakutuficha. Nilitaka nimsomee jina la mwanawe kwenye orodha ya waliokufa, amlie japo siku moja, naye apumzike. Kila nikiliandika, nikiamka limefutwa."

Ndio wakati aliopaswa kusema. Badala yake akasema, "Nipe siku mbili, Mwalimu, nitaangalia," na yule dada akamshukuru, akamwachia anwani ya nyumbani kwenye karatasi ya mraba. Shukrani ile ilimkata kuliko tusi.

Mke wake alimkuta jioni amekaa dukani na mashine zote zimezimwa. Alimsikiliza mpaka mwisho, mara ya kwanza kuisikia habari hiyo katika ndoa ya miaka ishirini na tisa. Hakumkemea. "Mficha uchi hazai, mume wangu," akasema. "Washa hiyo kompyuta."

Akaiwasha. Kwenye ukurasa wa majadiliano akaandika yote: desturi ya kuitikiana, nguzo ya daraja, maji, asubuhi tatu. Akaweka jina lake kamili chini. Kisha akaenda kwenye orodha akaandika jina la Kinanda kwa mkono wake mwenyewe. Thelathini na saba. Alilitazama mpaka machozi yakamlenga.

Halikudumu saa nzima. Mhariri aliyejiita Sajenti Mstaafu alilifuta, na maelezo yote ya Mzee Chanzo akayafuta pia. Sababu ilikuwa fupi: "Kumbukumbu binafsi si chanzo. Tazama kijitabu, ukurasa wa 22." Hata vituo vya sentensi vilikuwa vya Mzee Chanzo, maana ndiye aliyemfundisha sajenti wake wa zamani kutumia ukurasa ule. Sheria ni msumeno, na safari hii ulikuwa unarudi nyuma.

Akampigia simu.

"Umerukwa na akili?" Sajenti akaanza, bila salamu.

"Afande, nimeandika kilichotokea."

"Kilichotokea kiko kwenye kijitabu."

"Kijitabu kimekosea, afande. Aliyeitika ni mimi."

Sajenti akacheka, kicheko kikavu cha mzee mwenye kifua. "Kwani mimi ni kiziwi? Nilikusikia tangu asubuhi ya kwanza. Umeitika lako, ukaitika lake, pua umeibana kama mtoto mwenye mafua."

Mzee Chanzo alikalia kiti cha picha za pasipoti. "Mbona hukusema?"

"Siku ile nilirudi na pengo la watu thelathini na sita. Kombania nzima inaniangalia mimi. Wewe ukanipa mmoja wa bure, nikampokea."

"Basi liandike hilo, afande. Mistari miwili tu. Mama yake yuko kitandani, anakufa."

"Nikiandika hilo, nani ataamini kurasa zilizobaki? Wangapi waliitikiwa? Wenzako wote utawavua nguo. Kijitabu kile kina jina langu juu. Niache nife nalo." Simu ikakatwa.

Alijaribu mara nne zaidi kesho yake, na mara nne Kinanda akafutwa. Mara ya nne ukurasa ukafungwa usihaririwe na mtu yeyote kwa mwezi mmoja, kwa sababu ya ugomvi wa wahariri. Ukafungwa ukiwa na thelathini na sita. Mwezi mmoja yule mama hakuwa nao.

Alasiri ya siku ya pili, kama alivyoahidi, alikwenda mwenyewe kwenye ile anwani. Dada mtu alimfungulia, akamtazama mikononi kuona kama ameleta karatasi. Hakuwa na kitu. Ndani kulikuwa na kitanda, chupa za dawa, redio iliyofunikwa kitambaa, na huko mwisho wa ukumbi mlango wa uani ukichezacheza kwa upepo.

"Nani huyo?" akauliza mama.

"Mwenzake mwanao, mama. Walikuwa wote kikosini."

Mzee Chanzo akaketi kwenye kigoda, akaeleza. Hakujipamba wala hakuomba msamaha, maana aliona haya hata ya kuuomba. Alipofika kwenye asubuhi ya kwanza dada mtu akasimama wima, mkono mdomoni, akabaki hivyo mpaka akamaliza.

Mama akasema, "Uliitikaje?"

"Mama?"

"Itika nisikie. Kama ulivyoitika."

Alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na sita, mwenye duka na miwani ya kusomea. Akabana pua kwa vidole viwili. "Nipo, afande."

Mama akageuza shingo kidogo, sikio juu. "Tena."

"Nipo, afande."

"Tena."

Akaitika mara ya tatu, na sauti ikamvunjikia katikati.

"Siye," akasema mama taratibu. "Mwanangu namjua. Siye huyo." Akanyoosha mkono hewani, akamtafuta binti yake. "Nenda katie komeo."

Komeo lilikuwa limeota kutu, halikukubali kwa mkono. Dada mtu alivua kiatu akaligonga kwa kisigino mara kadhaa mpaka likaingia. Mama aliposikia limeingia akajifunika shuka usoni, akaanza kulia, kilio kikubwa kuliko mwili uliokuwa umebaki pale kitandani. Binti yake akaja akalala kando yake. Mzee Chanzo alibaki kwenye kigoda, mikono magotini. Hakuna aliyemwambia aondoke, na hakuna aliyemwambia akae.