Nyumba Mbili za Mzee Keraryo

Pigo la kwanza la panga liliingia kwenye fremu ya mlango. La pili lilipita kwenye mkono wangu wa kulia, na nilipotazama chini niliona vidole viwili juu ya saruji, kimoja bado kimejikunja.

Aliyeshika panga alikuwa kaka yangu, Stanislausi. Ilikuwa saa saba mchana, Bweri, Musoma. Jirani alikuwa anaanika dagaa.

Baba yetu, mzee Keraryo, alituachia nyumba mbili, moja Bunda, moja hapa Bweri. Fundi mmoja, ramani moja, vyumba vitatu na sebule. Tulipogawana kwa mama, Butiama, Stanislausi alichagua kwanza kwa kuwa ni mkubwa, akachukua Bunda. Nani angemlaumu? Bunda ilikuwa na soko, na mabasi ya Mwanza na Sirari. Bweri ilikuwa mihogo na fisi. Alinipiga begani, akaniambia nikichoka na pori nihamie kwake.

Halafu Musoma ikajaa. Ziwa limeuzingira mji, hauna pa kukimbilia ila kuja huku kwetu. Yakaja mabomba ya maji, ikaja lami, wakaja watumishi wa ofisi za mkoa wakitafuta pa kukaa. Nilipotaka kuuza nikajenge karibu na mama, dalali Muzamil alinitajia bei, nikamwomba airudie. Ilikuwa mara tatu ya ile aliyopata kaka mwaka uliotangulia, alipoiuza ya Bunda ili mkewe, Nyamburi, atibiwe. Nyamburi alikufa. Kaka akawa mpangaji wa chumba kimoja.

Siku ile aliingia bila hodi. Nikamwambia akae, hakukaa. Aliuliza kama bei aliyoisikia ni ya kweli. Nikaanza kumweleza habari za bomba, lami na watu wa mkoa. Nilieleza kama mwalimu, na sauti yangu ilikuwa na furaha ambayo sikuificha vizuri.

"Tofali ni zilezile," alisema. "Mimi ndo nilikuwaga nazibeba. Wewe ulikuwaga shule."

"Si ulichagua mwenyewe, kaka."

Alitoka. Nilidhani ameondoka, kumbe alifuata panga tulilofyekea uzio.

Mke wangu, Penina, alitokea jikoni na mchi wa kinu. Alimpiga kichwani mara moja, kaka akaanguka kifudifudi, panga likamtoka mkononi. Hapo yalikuwa yamekwisha. Lakini mimi, nimekumbatia mkono wangu, nilisema, "Ongeza."

Penina akanitazama. Kisha akaongeza. Pigo hilo ndilo lililompofusha jicho la kushoto.

Mahakamani nilieleza habari za panga. Neno langu lile sikulisema, na kaka, ambaye alilisikia, naye hakulisema. Alifungwa miaka mitano.

Nyumba niliiuza, nikajenga Butiama. Januari iliyopita alifika kwa mama na mfuko mmoja wa nguo, amekonda, akigeuza kichwa chote ili aone upande wa kushoto. Penina hakutoka jikoni. Mama aliweka ugali na sato katikati. Nilinyoosha mkono nichukue jagi, maana mdogo ndiye humnawisha mkubwa, lakini Stanislausi aliwahi. Akanimiminia maji taratibu, akiutazama mkono wangu kwa jicho lake moja, mpaka jagi likaisha.

Tukala. Mimi nilitumia mkono wa kushoto, na mama akanimegea sato.