Visikizio Visivyochelewa

Kamene alipima visikizio vya masikioni juu ya meza ya mamake, katika nyumba ya mabati nyuma ya soko la Kariobangi, mlango wa pili kutoka kwa mfereji. Wauza simu walimpa vipya, yeye akavijaribu kwa gemu za mkononi, kisha akaweka video mtandaoni ili vijana wajue vipi vya kununua na vipi vya kukimbia. Hakuwa na mzaha na kazi hiyo. Alisikiliza kama nyayo za adui zinatoka kushoto au kulia, kama vimpira vinaumiza masikio, na kama maiki inamezwa na nyundo za mafundi wa jua kali. Zaidi ya yote alipima kuchelewa. Visikizio visivyo na waya huchelewesha sauti, na katika gemu anayesikia risasi baadaye ameshakufa.

Alhamisi aliletewa jozi nyeusi isiyo na jina. Hiyo haikuchelewa. Mlio wa bunduki ulimfikia kabla hajabonyeza, akabonyeza tu kwa kuwa risasi ilikuwa imeshalia. Akaona hiyo ni sifa nzuri. Kisha akazima simu asikie kama kuna mvumo, na visikizio vikaendelea. Redio ya jirani ilisema ni Ijumaa. Muuza mboga aligombana na mteja ambaye hakuwa amefika. Halafu likaja tingatinga, mabati yakakunjwa, na mamake akasema, "Ngojeni kwanza nitoe kitanda."

Kamene akampa mamake, Kavindu, ambaye alisikiliza huku akichagua maharagwe.

"Ni mimi," Kavindu alisema. "Na hicho kitanda kimekwama mlangoni."

Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Majirani walipanga foleni wakasikiliza kwa zamu, wakifuta vimpira kwa leso, na kila mmoja alizitambua sufuria zake zilivyoanguka. Kamene aliumia sana, maana alizaliwa katika chumba kile na hakuwa na kwingine. Phares, mstaafu wa reli aliyeishi mlango wa tatu, alivaa koti akaenda kwa afisa anayeshughulikia migogoro ya ploti. Afisa alimsikiliza kwa heshima, akamweleza kwamba hawapokei malalamiko ya jambo ambalo halijatokea.

"Likitokea, mzee, rudi," akamwambia.

Jioni walitoa vyombo. Kitanda cha Kavindu kilikataa mlangoni mpaka kikang'olewa miguu.

Ijumaa tingatinga lilikuja, limetumwa na mtu mwenye karatasi za ploti ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Kavindu alisimama mbele yake akasema, "Ngojeni kwanza nitoe kitanda," ingawa kitanda kilikuwa nje tangu jana. Alikuwa mama wa kanisa, na hakutaka aonekane amesema jambo ambalo hakulisema. Dereva hakungoja.

Sheria inataka wakaaji wapewe ilani kabla ya kubomolewa, nao hawakupewa hata karatasi moja. Hilo ndilo tumaini walilobaki nalo la kurudishiwa pao. Wakarudi kwa afisa. Akamwapisha Kavindu kwa Biblia, akamuuliza kama alijua nyumba itabomolewa.

"Nilijua," Kavindu alisema. "Nilisikia na masikio yangu."

"Ulisikia vizuri?"

"Vizuri sana. Kushoto na kulia."

Afisa akaamua kwamba wakaaji walipata ilani ya kutosha. Kisha akamgeukia Phares na kumuuliza, kwa upole, kwa nini hakulalamika mapema.

Nje, Kavindu alimuuliza bintiye kama alitaka aape kisha aseme hakusikia. Kamene alikuwa na hasira ya kutosha kujibu ndiyo, lakini yule alikuwa mamake, akamshika mkono wakavuka barabara. Kufikia wiki iliyofuata ploti ilikuwa imezungushwa uzio, na mlinzi akawekwa langoni.

Walipata chumba katika mtaa wa Lucky Summer. Kazi ya watu haiachwi katikati, kwa hivyo Kamene aliketi juu ya kitanda kisicho na miguu akamalizia video yake.

"Niaje wasee," alisema. "Hizi nyeusi ziko poa. Sauti safi, betri inakaa, hazichelewi hata kidogo. Lakini kama unaishi kwa ploti haina karatasi, wachana nazo. Ukiskia, umeshaambiwa."