Kisahani Juu ya Kabati

Mwaka elfu moja mia tisa tisini na nane, katikati ya kiangazi, mlima ulitapika majivu kwa majuma mawili, kisha ukanyamaza. Majivu hayakunyamaza. Kila upepo ulipovuma, yalishuka mapaani na kuingia vyumbani.

Wengi walikuwa wamekwisha kuhama. Mshonaji mmoja, mjane, alibaki peke yake katika nyumba ya vyumba vitatu. Mjukuu wake mwenye pumu, aliyemlea tangu kuachishwa ziwa, alikuwa amepelekwa kwa shangazi yake, mbali na vumbi.

Baada ya miezi kadhaa ndipo alipokuja mtafiti wa afya, mwanamke kijana ambaye majirani walimpachika jina la Mama Vumbi. Alitaka kujua watu walivuta majivu kiasi gani ndani ya nyumba zao. Katika kila nyumba aliweka kisahani cheupe juu ya kabati, ili akipime baada ya mwezi.

"Mama, hiki ndicho kitakachotuambia kama mjukuu wako anaweza kurudi," alimwambia mshonaji. "Jibu nitakuletea wewe kwanza, kabla ya wakubwa wangu."

"Ahadi ni deni, mwanangu."

"Nitalipa."

"Haya. Nami nitapata wa kuzungumza naye. Siku hizi nazungumza na cherehani, nayo imeingia majivu, hainijibu."

Mwezi ulipotimia, mtafiti alikusanya visahani, akaacha vingine mahali pake, na jioni akavipima vile vya kwanza chumbani alikopanga. Vya majirani vilikuwa na tabaka la unga wa kijivu. Cha mshonaji kiling'aa. Alikipima, akarudia, mizani ikakataa kusogea. Kesho yake akaondoka mapema, moyo mweupe, kwenda kutoa habari njema.

Alimkuta mshonaji amepanda kigoda, kitambaa kibichi mkononi, anakisugua kile kisahani kipya.

"Mama, unafanya nini?"

"Nakiosha. Kila asubuhi nakiosha."

"Hata kile cha kwanza?"

"Hicho ndicho nilichokiosha zaidi. Wewe ni mgeni. Ungekuta chombo chako kichafu nyumbani mwangu, si ungesema mjane huyu ameshindwa hata na kisahani?"

Mtafiti alipitisha kidole juu ya fremu ya mlango, mahali ambapo mkono wa mshonaji haukufika. Kikatoka cha kijivu.

"Basi, aje lini?" mshonaji aliuliza, akishuka kwa tahadhari. "Kitanda nimekwisha kumtandikia. Hata neti nimeifua."

Mlango wa chumba cha pili ulikuwa wazi. Kitanda kidogo kilikuwa kimetandikwa shuka la maua, pembe zake zimekunjwa kwa ustadi wa fundi. Kando yake palikuwa na viatu vya mtoto, vimepigwa rangi, ingawa huenda sasa visingemtosha.

Mtafiti angeweza kusema kwamba vipimo vimeharibika, asubiri mwezi mwingine. Lisingekuwa neno la uongo, na lingemwachia mjane yule mwezi mzima wa kutumaini. Alivuta kiti, akaketi karibu naye, magoti yao yakigusana.

"Mama, jibu nimelileta. Asirudi. Majivu yamo humu ndani, hata usipoyaona, na kifua chake hakitayastahimili. Si mwezi huu, wala mwaka huu."