Usiku wa Kuzaliwa kwa Bwana, Uliochapwa na Machteld

"Mke wangu, bamba linapoa!" Gillis alifoka kutoka kitini, mkono wa kulia umefungwa vitambaa tangu mashine ya kuchapia ilipombana vidole.

"Nasikia, mimi si kiziwi," Machteld akajibu, bado kaegemea dirisha akipiga soga na muuza kome. Machteld huyo kwa umbea! Mji mzima wa Antwerp hakuna wa kumfikia.

Alipoligeukia bamba la shaba, lililochongwa picha ya Kuzaliwa kwa Yesu na kupakwa wino kote, nyuso za Mtoto na mamaye tu ndizo alizokwisha kuzifuta wino wa ziada. Kazi hiyo ni ya kiganja, tena bamba likiwa moto. Sasa wino ulikuwa umeganda. Alisugua mpaka jasho likamtoka. Wapi! Zizi, ng'ombe, wachungaji, wote weusi tii.

"Lirudishe jikoni!"

"Makaa yamezimika."

Na hapo hapo akaingia bwana Lenaert, mchoraji mwenyewe. Alikwisha kuwaambia: chapa ya kwanza ikimpendeza, kazi yote ya Noeli ni yao, isipompendeza, bamba linakwenda kwa mchapaji wa ng'ambo ya pili ya barabara.

"Chapeni nione."

Machteld akalaza karatasi juu ya bamba, akazungusha gurudumu la mashine. Akaibandua karatasi. Giza kila mahali, na katikati nyuso mbili zinang'aa.

Lenaert akaitazama. "Yusufu wangu yuko wapi?"

"Yumo humo, bwana. Kalala. Mtoto mchanga akiingia nyumbani, baba ndiye wa kwanza kukoroma."

Gillis akajifunika uso kwa mkono mzima. Tumekwisha, aliwaza.

Lenaert akaangua kicheko hadi akashika meza. Kisha akainama karibu na karatasi, na sauti ikamlegea. "Nimechora taa. Nimechora nyota, na malaika tele. Kumbe mwanga wote ulikuwa kwa Mtoto! Mama, bamba libaki hapa. Chapa zote nazitaka hivi hivi."

Machteld alipiga kelele ya furaha iliyosikika mpaka mtaa wa pili, akamkumbatia mumewe na kumwachia alama nyeusi ya kiganja kwenye upara.

Lenaert alipoondoka, Gillis aliipeleka karatasi dirishani, pua karibu iguse wino.

"Namwona!"

"Nani?"

"Yusufu. Hajalala, mke wangu. Yuko macho, anamtazama mwanawe."

"Hebu sogea nione," Machteld akasema, akabana kichwa chake kando ya kile cha mumewe.