Mbu wa Tangi la Amran

Mbu wale walitoka kwenye tangi la dada yake mwenyewe, na ni Wato aliyewaelekeza wenzake nyumba ile. Maabara aliyofanyia kazi Nairobi ilikuwa inamtafuta mbu mgeni, mwenezaji wa malaria aliyevuka kutoka Asia na kuingia kaskazini mwa Kenya kimyakimya. Mbu huyo hana haja na vinamasi wala madimbwi ya mashambani. Yeye ni wa mjini. Hutaga mayai kwenye maji safi yaliyotulia, katika mapipa na matangi ya watu. Wato alikuwa binti wa Isiolo, kazaliwa na kulelewa huko, na alijua kwamba mji mzima unaishi kwa pipa. Akampigia simu dada yake Amran, amwombe ruhusa watafiti waingie uani.

"Waje tu," Amran alisema akicheka. "Lakini wasiniibie maji."

Hakuwa akitania sana. Bomba la mtaa wao wa Bula Pesa lilifunguka siku lilipojisikia. Likikoroma tu, Amran aliacha kila kitu, hata chungu kikiwa motoni, akakimbia kushika mpira mpaka tangi lijae. Tangi lenyewe lilikuwa la saruji, nyuma ya jikoni. Mume wake Abdinasir, mchuuzi wa mbuzi na ngamia, ndiye aliyelijenga mwaka waliooana, kabla hata ya kununua kitanda.

Watafiti walipoinua bati lililofunika tangi hilo, waliona viluwiluwi wamelala bapa chini ya uso wa maji kama vipande vya uzi. Wakawachota, wakawalea mpaka wakaota mabawa, kisha wakawaua kwa baridi na kuwapeleka Nairobi.

Kusoma jenomu ya mbu, yaani vinasaba vyake vyote, kunataka subira. Mbu anasagwa, vinasaba vyake vinachujwa mpaka libaki tone lisilo na rangi, kisha mashine inavisoma kipande kwa kipande: herufi nne tu, zikijirudia mara milioni nyingi. Baada ya hapo kompyuta inaunga vile vipande, mithili ya mtu anayeunga gazeti lililochanwachanwa. Wato alikaa na kazi ile wiki nyingi. Alikula mezani pake, akasahau kujibu simu, na akiulizwa anafanya nini alisema anamsoma mbu.

Siku kazi ilipokamilika, mkuu wake, Mworia, alivuta kiti akaketi karibu naye mbele ya kompyuta.

"Ni yeye," Wato alimwambia. "Ni yule mgeni."

"Na hapa je?" Mworia aliuliza, akionyesha kwa kalamu.

Hapo palikuwa na herufi moja iliyobadilika. Wato alikuwa ameiona tangu asubuhi, akawa anaizunguka kama mtu anayezunguka nyoka. Kwa sababu ya herufi hiyo, dawa inayotiwa kwenye neti haimshiki mbu huyo. Mbele kidogo palikuwa na mabadiliko mengine, na hayo yalimkinga na dawa ya kupuliza ukutani.

"Hongera," Mworia alisema polepole. "Mbu wa Isiolo hakuna aliyemsoma kabla yako." Halafu akavua miwani, akasugua macho. "Tutaandika ripoti leo."

Wato alifurahi. Baadaye furaha ile ilimtia aibu, lakini siku ile alifurahi kweli, akatoka nje kumpigia dada yake.

Amran alisikiliza mpaka mwisho. Wakati huo mimba yake ya pili ilikuwa imeshakuwa kubwa, na sauti yake ilikuwa na uzito wa mtu anayeongea amelala ubavu.

"Kwa hivyo sasa mnamjua mbu wangu ndani na nje," alisema.

"Tunamjua."

"Mtatufanyia nini?"

"Ripoti imeenda wizarani. Watapanga."

"Ripoti inaua mbu?"

Wato alicheka kidogo, Amran hakucheka. Basi akamweleza: afunike tangi pasibaki upenyo, amwage maji ya mapipa kila baada ya siku chache, ayasugue kwa brashi.

"Nimwage maji?" Amran aliuliza. "Wato, umekaa Nairobi mpaka umesahau kwenu?"

Haikupita muda mrefu, Abdinasir akapiga simu. Hakuwa mtu wa kupiga. Salamu zake kwa kawaida alizipitisha kwa mke wake.

"Salaam aleikum, shemeji. Kama unaweza kuja, kuja."

Amran alikuwa ameanza kutetemeka kwa baridi katikati ya jua la Isiolo. Malaria haikuwa ugonjwa wa mjini mle. Mtu aliyeugua malaria aliulizwa alisafiri wapi. Amran hakuwa amesafiri popote. Duka la dawa likampa tembe za homa ya matumbo, akazimeza, homa ikashuka na kupanda, ikashuka na kupanda, mpaka siku alipoanguka akitandika kitanda. Hospitalini ndipo walipomdunga kidole na kuona vimelea.

Wato alipofika, dawa ilikuwa imeanza kufanya kazi. Uso wa Amran ulikuwa umenywea, midomo imekauka, lakini homa imetoka. Alimshika mdogo wake mkono akauweka juu ya tumbo.

"Wewe ni msomi," alisema. "Gusa hapo uniambie. Tangu jana hajanipiga teke."

Wato aligusa. Chini ya kiganja chake hapakuwa na kitu kilichotikisika. Alijua, na Amran akimtazama usoni akajua pia. Muuguzi akaja na kifaa chake cha kusikiliza mapigo, akahangaika nacho huku na huku juu ya lile tumbo.

Mtoto alizaliwa siku ile ile, hana uhai. Alikuwa msichana. Abdinasir na wanaume wawili wa ukoo walimpeleka makaburini, na aliporudi aliketi kwenye gogo uani bila kuvua viatu vyenye vumbi jekundu. Wato alimletea chai. Aliipokea, akashukuru, akaishika mpaka ikapoa.

Amran aliporuhusiwa kurudi nyumbani, wanawake walikuja kutoa pole, wakaketi kwenye mikeka. Mwalimu Karwitha, Mmeru aliyefundisha shule ya msingi na kuishi nyumba ya pili, alikuja na sufuria ya uji, akaomba kwa dini yake, na wenyewe wakaitikia kwa yao. Walipoondoka, Wato aliingia ndani kumpa dada yake maji ya kunywa. Amran alikuwa ameamka, anatazama dari ya mabati.

"Ulimsoma mpaka mwisho?" aliuliza.

"Nani?"

"Mbu."

"Mpaka mwisho."

"Huko mwisho kumeandikwa nini?"

Wato alijaribu. Alisema wameona mahali ambapo sumu haimshiki, kwamba sasa wanajua dawa zipi hazifai, kwamba kuna watu nchi nyingine wanatafuta njia.

"Jinsi ya kumwondoa hapa kwangu, hiyo haikuandikwa," Amran alisema. Hakuwa anauliza.

"Bado."

"Na aliyeniuma alitoka kwa tangi langu?"

"Sijui, dada. Hakuna anayeweza kujua."

Amran alifumba macho. Hilo ndilo lililomchoma Wato kuliko yote. Herufi zote zile, na hakuna hata moja iliyoweza kumwambia mtu mmoja kwenye kitanda kimoja kilichompata ni nini.

Alitoka nje akaenda kwenye tangi. Jua lilikuwa kali, kuku wamejificha chini ya mkokoteni. Akainua bati. Walikuwepo, wengi kuliko alivyotarajia, wamelala chini ya uso wa maji, na kivuli chake kilipowaangukia wakazama wote kwa pamoja kama walioambiwa. Hakuwaza. Aliinama, akaizungusha koki ya chini mpaka mwisho, na maji yakatoka kwa nguvu, yakaenda zake kwenye mchanga.

Mtoto wa kwanza wa Amran, Tuye, aliyapigia kelele akidhani yamefunguka kwa bahati mbaya. Majirani walisikia, wakaja na ndoo wakikinga walichoweza. Mama mmoja alimshika Wato bega kutaka kumsogeza, akauona uso wake, akamwachia. Tangi lilipobaki na unyevu tu, Wato aliingia ndani yake na ufagio, akasugua kuta mpaka viganja vikachubuka.

Abdinasir alirudi kutoka sokoni akamkuta amekaa ukingoni, nguo zimemlowa. Akachungulia ndani ya tangi. Akatazama mchanga uliokuwa unakauka.

"Hiyo maji ilikuwa ya kutufikisha mpaka bomba irudi," alisema.

"Najua, shemeji."

"Bomba haijulikani itarudi lini."

"Najua."

Alitikisa kichwa, akaingia kwa mke wake. Angemfokea, Wato angepata pa kushika.

Bomba halikurudi. Gari la kuuza maji lilisemekana limeharibikia njia ya Ngaremara. Wageni wa msiba walizidi kuja, na mgeni huwezi kumnyima chai. Kisha palikuwa na udhu, na nguo za Amran za kufuliwa, na Amran mwenyewe wa kuoshwa. Wato alizunguka na mtungi kama muombaji. Hatimaye Mwalimu Karwitha alimwita, akamfungulia pipa lake la bluu.

"Chota, usione haya. Jirani ni ndugu."

Wato alizamisha kopo, akaliinua kwenye mwanga. Viluwiluwi watatu walicheza ndani yake.

"Mwalimu," alisema, "unawaona hawa?"

"Hao? Hao wako hapo tangu zamani. Mimi huchuja kwa kitambaa." Karwitha alimtazama vizuri, uso ukabadilika. "Kwani ndio hao?"

Wato aliitikia kwa kichwa. Wote wawili wakasimama kando ya pipa. Karwitha alikuwa na watoto wanne na mama mzee ndani, na lile lilikuwa pipa lake la mwisho.

"Sasa nifanye nini?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Wato hakumwambia amwage. Alivua shungi lake la juu, akalikunja mara mbili, akalifunga kwenye mdomo wa mtungi, akachuja maji ya kumwogeshea dada yake.

Bomba lilipokoroma hatimaye, watu walikuwa wamechoka hata kufurahi. Abdinasir alinunua wavu wa dirishani, yeye na Wato wakaufunga juu ya tangi kwa waya, wakaukaza vizuri. Wato akaenda nyumba kwa nyumba kueleza. Walimsikiliza kwa heshima kwa sababu ya msiba. Baadhi walifunika kwa mabati, baadhi walisema watatafuta wavu mwezi ukiisha, na kwenye hadwea ya karibu, duka la vifaa vya ujenzi, wavu ukawa umekwisha. Afisa wa afya aliyempata kwenye simu alisema ripoti wameipokea, ni ripoti nzuri sana, wanangoja dawa ya kutia kwenye maji.

Asubuhi ya kuondoka, Amran alitoka nje kwa mara ya kwanza, amejifunga leso kiunoni, anatembea akishika ukuta. Mkononi alikuwa na chupa ya soda. Alikuwa amemtuma Tuye kwa majirani kuomba maji yenye viluwiluwi, na ndani ya chupa walikuwa wakipanda na kushuka.

"Peleka hawa pia," alisema. "Labda hawa wana kitu ambacho wale wa kwanza hawakuwa nacho."

Wato alijua hawana. Alijua pia kwamba hawawezi kusafiri wakiwa hai, wasije wakatoroka na kuzaliana njiani. Alitoa spiriti kwenye mkoba, akamimina, viluwiluwi wakapunguza mwendo, wakasimama. Amran aliangalia yote hayo bila kupepesa.

"Nitawasoma mwenyewe," Wato alisema.

"Soma vizuri."

Wakakumbatiana, na Wato akahisi mifupa ya mgongo wa dada yake.

Nairobi aliwasoma. Mworia hakumuuliza wametoka wapi wala kwa nini wametangulia foleni. Herufi zilikuja zile zile, na mahali pale pale. Wato akampigia dada yake.

Amran alipokea. Walizungumza habari ya Tuye na shule, habari ya ngamia kuteremka bei, na kwamba Mwalimu Karwitha ana homa tangu juzi na amekwenda kupimwa. Wato alingoja aulizwe. Amran hakuuliza.

"Huko kwenu ni baridi?" alisema.

"Baridi sana," Wato alijibu.

"Basi vaa sweta," dada yake alimwambia.