Sura ya Kumi na Mbili

Kinyozi alikuwa ameandika kitabu, na ole wako uende kunyolewa bila kujua habari hiyo. Ukishafungwa shuka shingoni, mashine inanguruma sikioni, utakimbilia wapi? Alikisifia kuanzia kisogoni hadi utosini, na kabla hajakupaka spiriti umeshanunua nakala. Mtu mwenye wembe kooni habishani. Kwa njia hiyo alimaliza nakala mia moja na arobaini, bila duka la vitabu wala mchapishaji.

Kuuza aliuza. Alichokitaka ni kingine: ajue kama kuna mtu, hata mmoja, aliyekisoma. Hadithi ya pili alikuwa ameshaianza, akaiweka kabatini chini ya mataulo, akajiapiza hataigusa mpaka ajue anamwandikia nani.

Sifa hazikukosekana. Kaka yake alisema kitabu kitamu. Baba mkwe, mtu mzima na heshima zake, alisema mwisho wake ulimtoa machozi. Hata mkewe, siku moja wakikunja mataulo, alisema mwisho ndio uliompendeza zaidi, maana mambo yote yamekaa sawa. Kinyozi akavimba kichwa, na nani asingevimba?

Asubuhi moja isiyo na wateja akafungua nakala yake kwa mara ya kwanza. Tangu vitabu vije hakuwahi kuvifungua. Aliogopa kukuta makosa, maana kosa likishachapwa limechapwa. Akaenda moja kwa moja kwenye sura ya kumi na mbili, ile ya mwisho, aliyoiandika upya mara nane. Haikuwepo. Kitabu kiliishia pale mume aliyetoroka miaka tisa anabisha hodi, na mke kasimama nyuma ya mlango, mkono kwenye komeo. Baada ya hapo ni jalada.

Akampigia simu mpiga chapa. Yule bwana akamkumbusha, taratibu kabisa, kwamba ni yeye mwenyewe aliyesema sura ya mwisho bado anaipiga msasa na ataileta kesho. Kesho hiyo ilingojwa wiki tatu, mpiga chapa akadhani ameghairi. Kweli tupu. Daftari lenye sura hiyo lilikuwa kwenye droo ya vitana.

Kinyozi akakaa kwenye kiti cha wateja. Aliona aibu, na baada ya aibu ukaja uchungu. Hayo machozi ya baba mkwe yalimtoka kwa lipi? Mkewe hakumuuliza. Kuna maswali ukiyauliza nyumbani, utalala na majibu yake.

Wiki mbili baadaye akaingia mwanamke asiyemjua, kavaa sare ya madobi wa hospitali, vidole vimekunjamana kwa maji, kitabu kakibana kwapani. Alikikuta ndani ya koti la mumewe, bado kimefungwa gazeti. Salamu yake ilikuwa ya haraka haraka.

"Wewe ndiye mwandishi? Nipe kilichobaki."

Kinyozi alikuwa na mteja kitini, kichwa kimenyolewa nusu. Akauliza kilichobaki kipi.

"Alifungua au hakufungua? Siku ya nne hii naunguza mashuka ya watu kwa sababu ya huyo mama."

Akazima mashine, akampa daftari. Dobi alisoma akiwa wima, midomo ikimchezacheza, mpaka mstari wa mwisho. Kisha akalirudisha kama nguo ambayo haijatakata.

"Umemfanya afungue," alisema. "Basi humjui. Huyu mama hafungui. Anangoja mtu aondoke, halafu anatoka kufagia uwanja."

Iliuma. Iliuma, na kinyozi akafurahi mpaka ikabidi ashike mgongo wa kiti. Mteja wake, nusu kipara nusu nywele, akauliza kwa upole kama wanaendelea au arudi kesho.

"Subiri kidogo, kaka," kinyozi akamwambia, huku akimvutia dobi kigoda. "Nina msomaji."